Barakoa ya nusu uso kwa mfinyanzi: inazuia nini, haizuii nini

Barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili vya vumbi vya daraja la P100 au P3, ni kifaa ambacho kila mfinyanzi anayechanganya glezi, yaani rangi ya kioo ya kupakia vyombo, kutoka unga mkavu anapaswa kuwa nacho, na kwa kazi hiyo sijaona kingine cha bei ya kawaida kinachoikaribia. Nalisema hilo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya tathmini hii huenda ikasomeka kana kwamba inaipinga. Haiipingi. Ninachokipinga ni imani iliyoenea katika karakana za mjini kwamba mtu akishaivaa barakoa amemaliza kuyalinda mapafu yake, ilhali ndoo ya maji na sifongo, ambavyo hakuna duka la vifaa vya usalama linalovitangaza, hufanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Ili kuipima barakoa kwa haki, sharti tujue inapambana na nini. Udongo wa kufinyangia una madini ya udongo yenyewe, kama vile kaolini, na ndani yake mna chembe za kwatzi, yaani silika ya fuwele iliyo huru, ambayo ni ndugu wa mchanga wa kawaida isipokuwa imesagika ikawa laini mno. Kiasi chake hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo. Katika glezi hali ni wazi zaidi, kwa kuwa silika hutiwa makusudi. Ndiyo inayoyeyuka tanurini na kufanya ile ngozi ya kioo juu ya chombo, na mfuko wa silika iliyosagwa unaouzwa na wauzaji wa malighafi za kauri huwa ni karibu silika tupu.

Vumbi linaloonekana kwa macho, lile linalotufanya tupige chafya, si tatizo kubwa. Chembe zake ni kubwa, hunaswa puani na kooni, kisha hutoka pamoja na kamasi na makohozi. Hatari imo katika chembe zilizo chini ya mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hasa zile zisizozidi mikromita 4 au 5, ambazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Huko seli za ulinzi wa mwili huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, na kuiachia chembe ileile imezwe na seli nyingine, na kila mzunguko wa namna hiyo huacha kovu. Makovu yakikusanyika, mapafu hukakamaa, na mtu huanza kukosa pumzi kwanza kwenye ngazi na vilima, baadaye hata mahali tambarare. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuiacha kazi, na unampandishia mgonjwa uwezekano wa kupata kifua kikuu. Aidha, mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la 1, yaani miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hata hivyo, sitaki mtu anayefinyanga jioni moja kwa wiki aache kazi aipendayo kwa hofu. Udongo mbichi ulioko kwenye gurudumu hautoi vumbi, na silikosisi ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi mara kwa mara. Wanaopaswa kuwa macho ni wale ambao maisha yao yote yako karakanani: mwalimu, mchanganyaji wa glezi, kijana aliyeajiriwa kufagia na kupiga vyombo msasa, na mwenye karakana anayelala chumba cha pili. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani tangu kanuni za mwaka 2016 ni miligramu 0.05 za silika laini katika mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Tukichukua karakana ya mita za mraba 40 yenye dari ya mita 3, hewa yake yote ni mita za ujazo 120, na kiwango hicho hufikiwa kwa miligramu 6 tu zinazoelea humo. Miligramu 6 hazitoshi kuifunika ncha ya kijiko cha chai.

Sasa tuje kwenye barakoa yenyewe. Ninayoitathmini ni ile ya aina inayopatikana katika maduka ya vifaa vya usalama kazini karibu na Eneo la Viwanda jijini Nairobi: uso wa mpira laini, mikanda miwili, vali ya kutolea pumzi mbele, na vichujio viwili vya mviringo vinavyofungwa pembeni kwa kuzungushwa kidogo hadi visikike vikikaza. Hutengenezwa kwa ukubwa wa aina tatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoharibu mambo, kwa sababu muuzaji humpa kila mtu ile ya kati iliyoko karibu. Mwanamke mwenye uso mwembamba akiivaa ya kati ataona inakaa vizuri kwenye kioo, kumbe hewa inapita kando ya pua kila anapovuta pumzi.

Kipimo cha kuijua hakihitaji mashine. Ukishaivaa na kuikaza, ziba vichujio vyote viwili kwa viganja, kisha vuta pumzi taratibu: barakoa inapaswa kunywea usoni na kubaki imenywea. Halafu ziba vali ya mbele na upulize polepole; inapaswa kutuna kidogo bila hewa kuponyoka pembeni. Kama huwezi kuyapata yote mawili, si ya kwako, hata ingekuwa ya bei gani. Ndevu, hata zile fupi za siku mbili, huuvunja mshikamano kati ya mpira na ngozi. Kwa mwanamume anayefuga ndevu na hataki kuzinyoa, barakoa hii haimfai, na ni heri aambiwe dukani kuliko auziwe. Zipo kofia zenye feni na betri zinazofaa wenye ndevu, ila bei yake iko mbali sana na uwezo wa karakana ndogo.

Kuhusu uwezo wa vichujio sina malalamiko. Kichujio cha P100, ambacho ni daraja la Marekani, hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3 katika majaribio. Cha P3, ambacho ni daraja la Ulaya, hunasa asilimia 99.95. Lakini namba hizo ni za kichujio, si za mtu aliyekivaa. Mamlaka za usalama kazini za Marekani hukadiria kwamba barakoa ya nusu uso iliyovaliwa sawasawa hupunguza vumbi linalomfikia mvaaji mara 10. Waingereza, kwa barakoa ya namna hiyohiyo yenye vichujio vya P3, hukadiria mara 20. Tofauti kati ya mara 10 au 20 na ile asilimia 99.97 iliyoandikwa kwenye boksi inatokana na mianya ya usoni. Basi mtu akiichafua hewa ya karakana yake mara 30 ya kiwango kinachoruhusiwa, kwa mfano kwa kufagia sakafu kavu milango ikiwa imefungwa, atakuwa anavuta vumbi lililozidi kiwango hata akiwa amevaa barakoa ya nusu uso iliyo ghali kuliko zote. Na mwenzake aliyeingia kuchukua chombo chake bila barakoa atavuta yote.

Ununuzi wenyewe unahitaji jicho kali. Katika duka moja nililoingia, muuzaji aliniletea barakoa nzuri iliyofungwa vichujio vyenye utepe mweusi, akaniambia, “Mzee, hii ndiyo wote wanachukua, inazuia kila kitu.” Haizuii kila kitu. Utepe mweusi kwa utaratibu wa Marekani, au wa kahawia kwa ule wa Ulaya, ni alama ya kichujio cha mvuke wa rangi na vimumunyisho. Ni cha fundi wa kupulizia magari rangi, na peke yake hakikuundwa kunasa vumbi. Kwa vumbi la udongo tafuta rangi ya zambarau iliyokaribia waridi kwenye P100, au utepe mweupe kwenye P3. Angalia pia maandishi: barakoa ya Ulaya hubeba namba EN 140, na vichujio vyake EN 143. Boksi lililoandikwa tu maneno ya kusifia ubora, bila hata namba moja ya kiwango, liache hapohapo. Nilipomuonyesha muuzaji huyo utepe na kumweleza, alikubali bila ubishi na kuleta vingine kutoka stoo. Nadhani hakuwahi kuulizwa.

Je, barakoa za kutupa hazitoshi? Za daraja la N95, la Marekani, na FFP2, la Ulaya, zinatosha kwa kazi fupi, kwa sharti kwamba ni halisi na zinakaa usoni. FFP3 ni bora zaidi. Zina nafuu ya kuwa nyepesi, na mwanafunzi anayekuja kujaribu mara moja hana haja ya kununua ile ya mpira. Tatizo lake karakanani ni tabia zetu: huvaliwa wiki nzima, hushushwa kidevuni wakati wa kuongea, huwekwa mezani penye unga, kisha hurudishwa usoni zikiwa na vumbi upande wa ndani. Barakoa ya hospitali ya rangi ya buluu na ile ya kitambaa hazina mshikamano na uso, na kwa vumbi hili sizihesabu.

Kwa upande wa starehe, ukweli ni kwamba joto ni kero. Baada ya muda wa kupima na kuchekecha malighafi, jasho hujikusanya chini ya kidevu, miwani hupanda juu ya pua, na sauti hutoka kana kwamba mtu anaongea ndani ya mtungi. Kwa mwalimu anayehitaji kueleza huku akionyesha, hilo ni pungufu kubwa. Ufumbuzi ni kueleza kwanza, kuvaa, kisha kuonyesha kwa kimya. Usafi wake ni rahisi: vichujio hutolewa, uso wa mpira huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na vali husuguliwa polepole kwa kidole, kwa maana chembe moja ya udongo uliokauka chini ya kile kiwambo chembamba cha vali inatosha kukiacha wazi. Vichujio havioshwi wala havipulizwi kwa kompresa. Hubadilishwa vinapochafuka, vinapoharibika, au pumzi inapoanza kuwa nzito. Na isitundikwe kwenye msumari karakanani; iwekwe ndani ya mfuko au kopo lenye mfuniko, la sivyo mpira wake wa ndani utageuka sahani ya kukusanyia vumbi linalosubiri asubuhi.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, na wafinyanzi wengi hawaliulizi, ni kwamba kichujio cha vumbi hakizuii gesi hata kidogo. Tanuri linapochoma vyombo hutoa monoksidi ya kaboni, na kutegemea udongo, gesi za salfa pia. Nimewaona watu wakikaa karibu na tanuri la gesi wamevaa barakoa hii kwa utulivu kabisa, wakiamini wamekingwa. Dawa ya gesi za tanuri ni dohani, feni na kukaa mbali. Hapohapo kwenye tanuri kuna vumbi jingine linalosahaulika: sufi nyeupe ya kauri inayotumika kama kizuia joto, ambayo ikichomwa mara nyingi kwa joto kali huanza kuzaa kristobalite, aina nyingine ya silika ya fuwele. Kuivunja ukuta wake wa zamani, au kusaga mabaki ya glezi kwenye rafu za tanuri, ni kazi ambayo barakoa inastahili kuvaliwa tangu mwanzo hadi usafi umalizike.

Anayeshuku habari hizi za vumbi lisiloonekana afanye jaribio moja. Usiku, azime taa zote za karakana, awashe tochi yenye mwanga mwembamba na mkali, aiweke mezani ielekee upande, kisha aitikise aproni yake ya pamba mbele ya mwanga huo mara moja tu. Kinachoonekana humo ni wingu zito linalozunguka taratibu, hata kutoka kwa aproni ambayo mchana ilionekana safi. Chembe kubwa zitashuka mbele ya macho yake. Zile za mikromita 1 huweza kuelea kwa saa kadhaa katika hewa tulivu, na ndiyo maana kuvua barakoa mara tu baada ya kumaliza kuchanganya ni sawa na kutoivaa. Kwa sababu hiyohiyo, aproni inayofaa ni ya plastiki au ya kitambaa cha kufutika, na nguo za kazi hazifuliwi pamoja na za watoto.

Ukishaliona wingu hilo, utaelewa kwa nini naipa ndoo nafasi ya juu. Maji huizuia chembe kuruka tangu mwanzo. Meza ikifutwa kwa sifongo lenye maji kabla udongo haujakauka, sakafu ikipigwa deki badala ya kufagiwa, chombo kikisawazishwa kwa sifongo kingali na unyevu badala ya kupigwa msasa kikiwa kikavu, na unga wa glezi ukimiminwa polepole ndani ya maji badala ya maji kumwagwa juu ya unga, basi vumbi linalobaki ni kidogo, na barakoa hubakiwa na kazi ndogo inayoiweza. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani isitumike. Mfuko wake hunasa chembe kubwa na kuzipuliza zile laini kupitia nyuma. Ile yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe laini, ndiyo pekee inayofaa, lakini fedha zake zikikosekana, deki inatosha.

Historia ya viwanda vya ufinyanzi vya Stoke-on-Trent huko Uingereza inaunga mkono mpangilio huu. Katika karne ya 18 wafinyanzi wa huko walianza kuchanganya gumegume iliyochomwa na kusagwa ili udongo wao uwe mweupe, na gumegume ni silika. Kuisaga ikiwa kavu kuliwaua wafanyakazi kwa vumbi. Mwaka 1726 Thomas Benson alipata hataza ya kuisaga gumegume ndani ya maji, na sababu aliyoitoa ilikuwa vifo hivyo. Katika karne ya 20 unga wa gumegume uliokuwa ukitumika kulazia vyombo tanurini nao uliondolewa, ukawekwa alumina mahali pake. Hatua zote mbili ziliiondoa silika hewani kabla haijafika puani, na hakuna iliyomtegemea mfanyakazi kukumbuka kuvaa kitu.

Hapa kwetu, ambako sehemu kubwa ya ufinyanzi wa asili uko mikononi mwa akina mama, kuanzia Ikombe kando ya Ziwa Nyasa hadi Nyakach karibu na Ziwa Victoria, sidhani kama barakoa hii ndiyo kitu cha kwanza cha kununuliwa. Vichujio vyake havipatikani katika maduka ya vijijini, na mama anayekaa juani akifinyanga hataivumilia. Palipo na desturi ya kukausha udongo, kuutwanga na kuuchekecha, faida kubwa itapatikana kwa kuuloweka madongoa mazima na kuuchuja ukiwa uji, na vigae vikuukuu vinavyopondwa ili kuchanganywa na udongo vinyunyiziwe maji kabla ya kutwangwa, tena nje, mbali na watoto, upepo ukitokea mgongoni. Moshi wa kuchomea vyungu kwa kuni na nyasi una madhara yake kwa mapafu, nao barakoa hii inauzuia nusunusu tu: masizi yatanaswa, gesi zitapita.

Waajiri wasijifiche nyuma ya udogo wa karakana zao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003. Kijana anayelipwa kufagia asiambiwe ajinunulie barakoa. Na kwa kweli, asiambiwe afagie.

Kwa aliyekwisha kufanya kazi hii miaka mingi, fedha zinazobaki baada ya barakoa zielekezwe kwenye picha ya eksirei ya kifua na kipimo cha kupuliza pumzi, na daktari aelezwe bayana, “Mimi ni mfinyanzi, navuta vumbi la udongo.” Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama zetu, madoa ya silikosisi kwenye eksirei huweza kudhaniwa ni kifua kikuu, na magonjwa hayo mawili huweza pia kukaa pamoja kwa mtu mmoja, hivyo daktari asiyeijua kazi ya mgonjwa hana pa kuanzia. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amuone daktari kabla ya kuinunua barakoa yenyewe, kwa kuwa kuvuta pumzi kupitia vichujio hivi ni kazi ya ziada kwa kifua.

Kabla ya kulipa, uliza kama duka lina vichujio vya akiba vya chapa hiyohiyo na kama litaendelea kuvileta, kwa maana vichujio vya chapa moja kwa kawaida havishiki kwenye barakoa ya chapa nyingine. Nunua jozi mbili tangu siku ya kwanza.